Kompyuta Haina Sababu ya Kudanganya

Mzee wa stoo alishika kalamu, akaisoma karatasi mara ya pili, kisha akaiweka kalamu mezani.

Karatasi ilikuwa na mistari michache tu. Ilisema amekubali kwamba magunia 30 ya chakula cha ng'ombe yamepotea yakiwa chini ya ulinzi wake, na kwamba thamani yake itakatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo hadi iishe.

Mwenye duka hakuwa na hasira. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. "Mzee, wewe ni mtu wangu. Lakini hebu tazama mwenyewe." Akamgeuzia skrini. "Hapa inasema tunapaswa kuwa na hizi. Chini tumehesabu, ziko hizi. Kompyuta haina sababu ya kudanganya."

"Ni kweli, Madam," mzee akajibu. "Haina."

Akatia sahihi.

Nilikuwa nimekaa pembeni. Ni agroveti ya jumla hapa Nakuru, ambako huitwa kusaidia kufunga hesabu za mwaka, na siku hiyo ndiyo kwanza nilikuwa nafungua majalada. Suala lenyewe lilikuja kutatuliwa. Ila ile "haina" ya mzee imekataa kuniondoka wiki hizi zote, na ndiyo sababu ya kuandika.

Gunia la kilo ngapi?

Nilipofikia ankara za kiwanda, jibu lilikuwa limeandikwa wazi. Kwa miaka mingi chakula hicho kilikuja katika magunia ya kilo 70. Katikati ya mwaka kiwanda kikaanza kukileta katika magunia ya kilo 50. Wa kaunta walibadilisha bei siku ileile, maana bei kila mteja anaiuliza. Uzito haukuguswa. Ulikuwa umefichwa ndani kabisa ya mipangilio ya programu, mahali ambapo fundi aliandika siku ya kuuweka mfumo kwamba gunia moja ni kilo 70, na hakuna aliyewahi kurudi kupafungua.

Gunia lililouzwa zima halikuleta matata: liliingia moja, likatoka moja. Matata yalikuwa kwa yale yanayofunguliwa na kuuzwa kwa kupimwa, kwa mfugaji wa Bahati au Njoro mwenye ng'ombe mmoja asiyekuwa na pesa za gunia zima. Kila gunia lililofunguliwa, kompyuta ilitarajia kilo 70. Mizani ilitoa 50. Kwa mujibu wa skrini, kilo 20 zilipotea bila mkono wa mtu kuzigusa. Magunia 105 yalifunguliwa hivyo. Hizo ni kilo 2,100, na ukizigawanya kwa 70 unapata magunia 30.

Ndiyo yale yale ya kwenye karatasi.

Mzee alirudishiwa pesa alizokuwa ameshakatwa, na mwenye duka akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Wengi wangeyaacha hapo. Kilichoninyima raha ni jibu alilonipa mzee nilipomuuliza kama aligundua kuwa magunia yamebadilika.

"Siku ya kwanza tu," akasema. "Si mimi ndiye nayabeba? Yalikuwa mepesi."

Mgongo wake ulijua miezi mingi kabla ya mtu mwingine yeyote. Habari iliyohitajika ilikuwemo dukani muda wote, na aliyekuwa nayo ni mtu yule yule aliyeandikiwa deni. Lakini hakujua kwamba kompyuta inazidisha kwa 70. Na mwenye kompyuta hakujua kwamba magunia ni mepesi. Ile fomu ya upungufu ilikuwa na nafasi ya jina, kiasi na sahihi. Haikuwa na nafasi ya kusema jambo lolote.

Bila mfumo, duka lingekuwa limefungwa

Ningekuwa sitendi haki nikimfanya mwenye duka aonekane mtu anayeabudu mashine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yake ilipotea hivyo kwa muda mrefu. Nakumbuka kitabu cha madeni kilichochakaa, majina ya wafugaji waliosema watalipa maziwa yakilipwa, kurasa zilizonyofoka. Nakumbuka friji yenye chanjo za kuku zilizopitwa na tarehe bila mtu kujua. Nakumbuka mbegu za mahindi za msimu uliopita zikiwa zimerundikwa kwa sababu aliagiza kwa kukisia.

Mfumo ulibadilisha mambo hayo. Sasa anaona chanjo inakaribia kuharibika lini, akaipunguza bei mapema. Anajua wateja wa Molo na Mau Narok huanza kuulizia mbegu zinazochelewa kukomaa kabla ya wenzao wa Rongai kuja kutafuta za muda mfupi, kwa hiyo pesa zake hazilali stoo. Malipo ya M-Pesa yanaingia moja kwa moja kwenye hesabu, na yule mteja wa kuonyesha ujumbe wa kughushi kwenye simu hapati tena nafasi.

Na hata asingetaka, angekwepa vipi? Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru ya Kenya, KRA, hazikubaliwi na mamlaka hiyo wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Maduka ambayo hayakuwahi kuwa hata na kitabu cha risiti yanaingia kwenye mifumo sasa hivi, huku Nakuru, Kisumu, hadi masoko ya ndani ndani. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutotaka kunyamaza. Watu wengi sana wataanza kuhukumiwa kwa skrini ambayo hawajui inavyohesabu.

Wauza chai wa London

Katika kusoma kwangu nilikutana na kisa kilichonitia moyo, na baadaye kikanihuzunisha.

Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara haikuwa ya benki wala ya jeshi. Ilikuwa ya J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyooka mikate na keki na kuendesha maduka ya chai. Mwaka 1947 iliwatuma watu wake Marekani kuzitazama mashine mpya za kielektroniki. Baadaye kampuni ikaamua kujitengenezea yake, ikaiita LEO, na Novemba 1951 ikaanza kuitumia kukokotoa hesabu za viwanda vyake vya mikate.

Kazi iliyonivutia zaidi ilikuja miaka michache baadaye: kupeleka bidhaa kwenye maduka ya chai. Kila duka lilikuwa na oda yake ya kawaida iliyohifadhiwa kwenye mfumo. Kila siku msimamizi wa duka, aghalabu mwanamke, alizungumza kwa simu na karani wa makao makuu na kutaja mabadiliko tu: keki ziongezwe, mikate ipunguzwe. Karani aliyaingiza kwenye kadi za kutobolewa matundu huku akimsikiliza, na mashine ikazisoma na kupanga mzigo wa kesho.

Tazama walivyogawana kazi. Mashine ilishika mazoea, jambo ambalo binadamu hulichoka na kulisahau. Mwanamke wa dukani alishika kile ambacho mashine isingekiona kamwe: kwamba mvua inanyesha, kwamba wateja wa wiki hii wameikataa keki fulani. Neno lake lilibadilisha namba, kila siku, na hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mfumo ulijengwa ukimsubiri aseme.

Ukoo uleule

Mwaka 1963 LEO iliunganishwa na English Electric. Mwaka 1968 biashara hiyo ikaingia ndani ya kampuni mpya iliyoitwa ICL. Na ICL, ambayo baadaye ilimezwa na Fujitsu ya Japani, ndiyo iliyotengeneza Horizon, mfumo wa hesabu wa Posta ya Uingereza ulioanza kusambazwa mwaka 1999.

Huko Uingereza, posta nyingi ndogo huendeshwa na wenye maduka wa kawaida, watu wa kijijini wanaouza maziwa na magazeti upande mmoja na stempu upande wa pili. Horizon ilipoanza kuonyesha kwamba pesa zimepungua, mkataba uliwabana walipe. Walipiga simu ya msaada. Wengi wao waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Wengine walilipa kwa akiba zao, wengine wakauza nyumba, wengine wakafungwa jela. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia kwa kutegemea namba za mfumo huo.

Namba zilikuwa na kasoro.

Alan Bates, aliyekuwa na posta ndogo kule Wales na kunyang'anywa mkataba mwaka 2003, alikataa kunyamaza. Yeye na wenzake, jumla yao 555, walifika Mahakama Kuu, na Desemba 2019 Jaji Fraser akaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zinazoweza kuleta upungufu huo. Kung'ang'ania kwa Posta kwamba mfumo ni salama, jaji alisema, ni sawa na kudai katika karne hii kwamba dunia ni bapa. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa wingi.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho nimekirudia tena na tena. Sheria ya Uingereza ya 1984 ilikuwa na kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilifutwa na sheria ya mwaka 1999. Tangu hapo mahakama zikawa zinachukulia kwamba kompyuta iko sawa hadi mtu aonyeshe vinginevyo. Mwenye duka la kijijini angeonyeshaje? Hakuwa na njia ya kuona kilichomo ndani ya mfumo.

Ni ukoo mmoja wa mashine, nchi moja. Mwanzoni neno la mtu wa kaunta lilibadilisha namba. Mwishoni namba ilimtia mtu wa kaunta pingu. Na kompyuta za 1999 zilikuwa na uwezo usiolinganishwa na ule wa LEO. Kilichopungua katikati ya safari hiyo ni sikio.

Alichokisema Ackoff

Russell Ackoff, mtaalamu Mmarekani wa usimamizi, aliandika mwaka 1967 makala ya kuzipinga dhana ambazo watengeneza mifumo walizichukua kama kweli. Moja ilikuwa kwamba meneja anakosa habari. Yeye alisema meneja anazama katika habari zisizomhusu. Nyingine, ambayo ndiyo naihisi zaidi, ni kwamba meneja hana haja ya kuelewa mfumo unavyofanya kazi, mradi tu ajue kuutumia. Ackoff aliikataa. Meneja asiyeelewa mfumo wake hana namna ya kuupima, na mwishowe mfumo ndio unaomwongoza yeye.

Watu wa Nakuru hatuhitaji kusimuliwa kuhusu Nakumatt, ile supamaketi iliyoanza hapa na magodoro na kufikia matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki. Mwaka 2017 kila mnunuzi aliziona rafu zikibaki wazi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Siamini hata kidogo kwamba walikosa kompyuta. Namba za bidhaa zilizokwisha na wasambazaji wasiolipwa huwa zimo ndani ya mashine ya supamaketi yoyote kubwa. Namba ikishajulikana bado inamhitaji mtu wa kuiuliza maswali na kuchukua hatua, na hapo ndipo hakuna programu inayoweza kumsaidia mtu asiyetaka kuuliza.

Nikisikiliza kila mtu, nitauza saa ngapi?

Hayo ni maneno ya mwenye duka, nilipomweleza ninachowaza. Nililichukua swali lake kwa uzito, kwa sababu wizi upo. Wapo watunza stoo wanaotoa magunia kwa mlango wa nyuma, na wapo wauzaji wanaofuta mauzo baada ya mteja kuondoka. Ni rahisi kuandika kwa huruma kuhusu mzee aliyekuja kuonekana hana hatia. Je, anayefuata akiwa na hatia? Akijua kwamba kila namba inaweza kubishiwa, si atabisha kila siku?

Nimelitafakari sana hilo, na hapa ndipo nilipofika. Kumsikiliza mtu hakumwondolei hatia. Kunaipa namba nafasi ya kukaguliwa kabla haijageuka kuwa deni la mtu. Na mwizi halisi hasaidiwi na ukaguzi mzuri. Anasaidiwa na ukaguzi unaoishia kwenye jina la aliye karibu na stoo. Muda wote ule duka liliamini limempata mhusika. Kama kulikuwa na mwingine aliyekuwa akiiba kweli, alilala usingizi mnono.

Sheria yetu nayo iko upande huu zaidi ya waajiri wengi wanavyodhani. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kukata mshahara kwa mali ya mwajiri iliyopotea pale upotevu unapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na hata hapo kiasi kiwe cha haki. Skrini haiwezi kuonyesha makusudi. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe na asikizwe kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, bado inaweka masharti kwa ushahidi wa kompyuta, likiwemo la mashine kuwa ilifanya kazi ipasavyo. Na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutokuwa chini ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake.

Mwenye duka alisikia vifungu hivyo kwa heshima, lakini kilichomgusa ni mambo ya stoo.

Jambo la kwanza alilokubali lilikuwa kuhesabu bila kuonyeshwa namba ya kompyuta. Awali aliyehesabu alipewa karatasi yenye hesabu ya mfumo pembeni. Ukijua "jibu" ni 84, macho yako yatakupeleka kwenye 84, na ukipata 81 utarudia hadi uzipate tatu au utamtafuta wa kulaumiwa. Sasa anahesabu mtu ambaye hajaiona skrini, na mwingine ndiye analinganisha. Pia hawangoji tena Desemba. Wanahesabu bidhaa chache zinazotoka haraka kila wiki, ili tofauti ikitokea, watu wawe bado wanakumbuka kilichofanyika.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Tofauti ikijitokeza, inafuatwa kwa njia iliyopitia kabla ya jina la mtu kutajwa: ankara ya kiwanda, uzito halisi kwenye mizani, kipimo kilichoandikwa ndani ya mfumo, bidhaa zilizorudishwa, mauzo yaliyofutwa na aliyeyafuta. Na aliyekuwa mlangoni gari lilipopakuliwa anaulizwa swali lililo wazi: uliona nini tofauti? Mwenye duka aliogopa kwamba hilo litakula muda. Linakula. Mara nyingine ni asubuhi nzima.

Tulibishana zaidi kuhusu nani awe na ruhusa ya kurekebisha hesabu. Yeye alitaka iwe yake peke yake. Mimi nilitaka mzee naye aweze kuandika maelezo kwenye bidhaa, hata kama hawezi kubadilisha namba. Programu waliyonunua hairuhusu hilo. Ina ruhusa ya kuuza, ya kupokea na ya bosi. Wa stoo hana hata akaunti yake, hutumia ya wa kaunta. Kwa sasa wametundika daftari kwenye msumari mlangoni mwa stoo, na kila Jumamosi mwenye duka hulisoma mbele ya kompyuta. Limeshaonyesha katoni za dawa ya kuoshea ng'ombe kupe zilizokuja na chupa pungufu, na viroba vya chumvi vyenye ujazo mpya.

Kuhusu daftari hilo sijatosheka, kwa kuwa linategemea wema wa mwenye duka wa leo. Akiuza biashara kesho, mnunuzi atarithi programu, na daftari litatupwa. Ninachotaka kiwe ndani ya mfumo wenyewe.

Kwa hiyo sasa, ninapoitwa kumshauri mtu anayetaka kununua programu ya duka, awe wa Nakuru au wa Kisumu, namwomba muuzaji anionyeshe jambo moja kabla hatujafika kwenye bei: mfanyakazi wa chini kabisa akiona namba si sahihi, anabonyeza wapi, na ujumbe wake unamfikia nani? Wauzaji hawa ni vijana werevu, wanaijua kazi yao. Hunifungulia grafu za mauzo, faida ya kila bidhaa, ripoti kwenye simu ya bosi akiwa Mombasa. Nami huwarudisha kwenye swali. Mmoja aliniahidi angeongeza sehemu hiyo katika toleo lijalo, akaniomba nimweleze iweje. Nilimwandikia kurasa mbili, na nikamwomba kabla hajaanza kuitengeneza aje akae siku moja na mzee wa stoo.